Pishi Ikijaa: Fernando Poe Jr. na Hesabu ya Steringi

Mwanzoni mwa mwaka 2004, majaji wa Mahakama ya Juu ya Ufilipino walikuwa wakitafuta alikoishi mzee mmoja miaka mia moja nyuma.

Mzee huyo, Lorenzo Pou, alifariki mwaka 1954 huko San Carlos, mkoani Pangasinan, akiwa na miaka 84. Hakuacha deni wala shamba la kugombewa. Walichotaka kujua ni kitu kimoja tu. Kati ya mwaka 1898, Mhispania alipomkabidhi Mmarekani visiwa vile, na mwaka 1902, sheria ilipotaja nani ahesabiwe raia wa Ufilipino, mzee Pou alikuwa akiishi nchini au hakuwepo? Kama alikuwepo, alikuwa raia. Akiwa raia, mwanawe ni raia. Mwanawe akiwa raia, mjukuu anaruhusiwa kubaki kwenye karatasi ya kura ya urais.

Mjukuu alikuwa Fernando Poe Jr.

FPJ. Steringi ambaye kwa karibu miaka hamsini alimaliza kila ugomvi kwa mikono yake miwili, na ambaye Wafilipino walimpa jina la "Da King", yaani mfalme. Hukumu ilitoka tarehe 3 Machi: hakuna ushahidi kwamba mzee aliishi kwingine, basi alipofia ndipo alipoishi. Maombi ya kumwengua yakatupwa.

Alishinda. Lakini alishinda akiwa amekaa kimya, kwa nguvu ya cheti cha kifo cha babu yake.

Picha hiyo imenikaa kooni wiki kadhaa sasa. Mtu huyu alikuwa mtayarishaji wa sinema zake, mara nyingi mwongozaji wake, na ndiye aliyeamua ngumi ya kwanza itapigwa lini. Kwa nini akubali kuingia kwenye hadithi ambayo mswada wake umeshikwa na watu wengine?

## Jina la kuazima

Jina lenyewe lilikuwa na utata tangu mwanzo, na hapa ndipo mawakili walipochimba.

Alizaliwa Manila tarehe 20 Agosti 1939 akaitwa Ronald Allan Kelley Poe. Mama, Bessie Kelley, alikuwa Mmarekani. Baba, Fernando Poe wa kwanza, alikuwa staa wa sinema kabla ya vita. Ndoa yao ilifungwa tarehe 16 Septemba 1940, mwaka mmoja na ushei baada ya mtoto kuzaliwa. Wapinzani wakaja na hoja kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa humfuata mama, kwa hiyo huyu ni Mmarekani. Mahakama ikafungua Katiba ya 1935, ambayo ilisema raia ni wale ambao baba zao ni raia wa Ufilipino. Haikusema lolote kuhusu cheti cha ndoa.

Ndiyo maana kesi nzima ikarudi kwa babu.

Na hilo "Junior" nalo halikuwa lake. Katika familia, aliyepewa jina la baba ni mdogo wake, ambaye watazamaji walimjua kama Andy Poe. Ronald alivikwa jina la Fernando Poe Jr. kwa ajili ya mabango, kwa sababu jina la baba lilikuwa linauza tiketi na mwenye jina alikuwa ameshaondoka duniani. Mwaka 1951 Fernando Poe mkubwa aliongoza sinema ya kwanza ya Darna, yule shujaa wa kike anayeruka angani, na mwaka huohuo akafa kwa kichaa cha mbwa. Ronald alikuwa na miaka 12.

Aliacha shule. Alianza chini kabisa: kutumwatumwa, kisha kuwa mtu wa kuanguka na kupigwa badala ya waigizaji wakubwa. Mwaka 1955 akapewa nafasi ya mbele katika Anak ni Palaris, maana yake "Mtoto wa Palaris". Palaris ilikuwa nafasi ya baba yake. Kijana anavaa jina la baba, anacheza mtoto wa mtu aliyechezwa na baba. Watazamaji hawakuja.

Walikuja baadaye kidogo, kwa Lo' Waist Gang, sinema ya vijana wa mtaani waliovaa suruali chini ya kiuno. Suruali zile zikawa mtindo mjini, kama bugaluu zilivyokuja kuwasumbua wazazi wa huku baadaye. Safari hii hakuwa mtoto wa Palaris. Alikuwa kijana anayejua kupigwa.

Hilo la kujua kupigwa tusilipite haraka.

## Ngumi inavyopikwa

Ukimtazama FPJ akipigana, kitu cha kwanza unachokiona ni mikono mifupi. Harushi ngumi ndefu ya kuzunguka kama za mabaunsa wa Hollywood. Anaingia karibu kabisa na adui, kisha anamiminia mfululizo tumboni na kifuani, kama mtu anayepiga ngoma, mpaka huwezi kuzihesabu. Wafilipino wa rika fulani wote waliwahi kuuiga mtindo huo uani kwao.

Ngumi ya mbali ni rahisi kuidanganyia. Kamera inawekwa nyuma ya bega la anayepiga au anayepigwa, ngumi inapita shubiri nzima mbele ya kidevu, na kwa kuwa kamera haioni umbali, macho yako yanajaza yenyewe. Kazi yote iko kwa anayepigwa: kichwa kiruke wakati ngumi inapokatiza, si kabla na si baada. Akichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unacheka.

Ngumi ya karibu haina ujanja huo. Mkono lazima ufike mwilini. Anayepiga hulegeza kiganja na kukata nguvu mwishoni. Anayepigwa huvaa kitu kizito chini ya shati, anabana tumbo, anatoa pumzi. Ngumi zikiwa nane ndani ya sekunde tatu, hawezi kuitikia kila moja, kwa hiyo anatikisika mwili mzima kwa mpigo mmoja na kuhifadhi anguko lake kwa ngumi ya mwisho. Hapo ndipo mambo huharibika. Akianguka kwenye ya tano, zile tatu zilizobaki zinapiga hewa. Anayepiga lazima ausome mwili wa mwenzake wakati uleule anaoonekana kuuponda.

Mtu aliyewahi kulipwa kwa kuanguka anajua hayo bila kufundishwa.

Halafu kuna mwendo wa kamera. Filamu huzungushwa kwenye projekta fremu 24 kwa sekunde. Wapiga picha wa mapigano wana mchezo wa zamani wa kushusha kamera mpaka fremu 22 au 20 wakati wa kupiga. Ukirekodi sekunde 10 kwa fremu 20, unapata fremu 200, na zikionyeshwa kwa 24 ugomvi unaisha ndani ya sekunde 8 na kidogo. Kwa 22, sekunde 9 na kidogo. Ukishuka zaidi ya hapo vumbi linatua upesi mno, nywele zinachezacheza, na steringi anakuwa kichekesho. Mtu mwenye mikono ya haraka tangu kuzaliwa hahitaji kushushiwa kamera sana, na hiyo ni faida ambayo haionekani kwenye bango.

Mwisho ni sauti. Sinema nyingi za Ufilipino za miaka ile zilirekodiwa picha kwanza. Maneno na vishindo viliingizwa baadaye studio, mtu amesimama mbele ya pazia akiangalia midomo. Kila ngumi ya FPJ unayoisikia ilipigwa mara mbili, kwanza na yeye uwanjani, kisha na fundi wa sauti kwenye chumba chenye giza. Fundi akikosa moja, ngumi hiyo inakuwa haikupigwa.

Waliomwiga walikosea hapo. Waliongeza idadi ya ngumi.

Yeye alichokuwa akikipima ni muda wa kuzingoja.

## Kibaba cha mfuto

Wafilipino wana methali ya sokoni: salop ikijaa, lazima ifutwe. Salop ni kisanduku cha kupimia mchele, karibu lita 3. Mchele ukivuka ukingo, muuzaji hupitisha kijiti juu na kilichozidi humwagika. Msomaji aliyekulia karibu na duka la nafaka hahitaji maelezo zaidi. Anajua tofauti ya kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na anajua ugomvi uliomo katikati yake.

Mwaka 1987 FPJ aliichukua nusu ya kwanza ya methali hiyo akaifanya jina la sinema, Kapag Puno Na ang Salop, "Pishi Ikijaa". Nusu ya pili hakuitaja. Ukumbi mzima uliijua.

Kwetu haba na haba hujaza kibaba, na tukisema hivyo tunawaza akiba. Kwake kinachojazwa ni dhuluma.

Chukua sinema zake kumi uzipange, utaona upimaji uleule. Kwanza steringi anadhalilishwa yeye mwenyewe. Anatukanwa, anasukumwa, pengine anazabwa kofi mbele za watu, naye anainamisha macho. Hapo ukumbi umeshaanza kunung'unika, kwa sababu kila mtu anajua mikono ile inaweza nini. Kisha anaumizwa mnyonge: mtoto, mzee, mwenye kigenge. Hapa anaweza kuingilia, lakini kwa kiasi, akamshika adui mkono na kumwachia. Tatu, na hii ndiyo sehemu wanaomwiga huiruka, anakwenda kwenye sheria. Anaripoti. Anaandika maelezo, anangoja hakimu. Mara nyingi yeye mwenyewe ni polisi. Na sheria inakuwa imeshanunuliwa. Ndipo anauawa mtu wa karibu.

Ndipo kijiti kinapita.

Ukiiondoa ile hatua ya tatu, umebaki na jambazi mwenye hasira. Hiyo ndiyo inayompa mtazamaji ruhusa ya kushangilia damu bila kujisikia mkosaji, maana mlango halali umegongwa na haukufunguliwa. Ukiiweka ndefu sana, sinema inalala. Ukiiweka fupi, steringi anaonekana alikuwa anatafuta kisingizio. Na ukizidisha ukatili kwenye hatua ya pili, ukachoma kijiji, ukaua watoto watatu badala ya mmoja, watazamaji wanakufa ganzi, na pishi yako inavuja badala ya kujaa.

Nilidhani zamani kwamba FPJ alikuwa muigizaji wa uso mmoja. Ukirudi kutazama hatua ya tatu peke yake, bila ngumi, unaona kazi aliyokuwa anaifanya pale kwenye benchi la kituo cha polisi. Anakaa kama mtu anayeamini kwamba safari hii watamsikiliza.

## Steringi akifa

Sheria ya vibanda umiza vyote duniani ni moja: steringi hafi.

FPJ alikufa mwaka 1971, na ndiyo kazi yake ambayo naiweka juu ya nyingine zote. Asedillo, iliyoongozwa na Celso Ad. Castillo, ni habari ya Teodoro Asedillo, mtu wa kweli: mwalimu wa shule huko Laguna aliyegeuka mpiganaji wa wakulima na wafanyakazi, akawindwa milimani na askari wa serikali ya wakati wa Wamarekani, na kuuawa mwisho wa mwaka 1935. Historia haikumwachia mwongozaji nafasi ya kumwokoa. FPJ alipata tuzo ya FAMAS ya muigizaji bora, ya pili kati ya tano atakazopata. Nyingine alizipata kwa Mga Alabok ng Lupa mwaka 1967, Durugin si Totoy Bato mwaka 1979, Umpisahan Mo, Tatapusin Ko mwaka 1983 na Muslim .357 mwaka 1986.

Katika Asedillo pishi inajaa, inafutwa, na bado mwenye duka anabaki kuwa yuleyule. Hakuirudia mara nyingi hesabu hiyo. Nadhani alijua gharama yake.

Miaka 25 baadaye akapata ujanja wa kufa bila kufa. Katika Ang Probinsyano ya 1996 polisi mmoja anauawa, na pacha wake kutoka mkoani analetwa mjini kwa siri kuchukua nafasi yake. Wote wawili ni FPJ. Ukumbi unamzika dakika hii, unampokea dakika ile. Ujanja huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba ulipotengenezwa upya kuwa tamthilia, Coco Martin akicheza pacha wote wawili, ulidumu kutoka Septemba 2015 mpaka Agosti 2022, vipindi zaidi ya 1,600. Nje iliuzwa kwa jina la Brothers, na baadhi yenu mtakuwa mmekutana nayo kwenye king'amuzi bila kujua mnatazama pishi ya nani. Bibi wa familia mle ndani alichezwa na Susan Roces, mjane wa FPJ mwenyewe.

## Mhunzi mwenye ghala lake

Mwaka 1961, akiwa na miaka 22 hivi, alianzisha FPJ Productions. Kwa muigizaji wa wakati ule, aliyekuwa mali ya studio kama farasi alivyo mali ya mwenye zizi, huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko sinema yoyote aliyocheza. Baadaye kampuni nyingine ikaitwa D'Lanor, ambayo ni Ronald ukilisoma kutoka nyuma. Alipoongoza alijiita Ronwaldo Reyes, Reyes likiwa jina la upande wa bibi mzaa baba. Tazama alivyofanya. Jina la baba aliliacha mbele ya kamera, la kwake na la bibi akayapeleka nyuma, kwenye kazi anayoimiliki.

Umiliki huo haukumfanya awe salama. Mwaka 1963 yeye na rafiki yake Joseph Estrada walitoa ushahidi dhidi ya genge lililokuwa likiwatoza watu wa sinema pesa kwa vitisho. Hatua ya tatu hiyo, lakini nje ya kamera, na ilifanya kazi.

Kisha mwaka 1980 ikaja Ang Panday, kutoka katuni za Carlo J. Caparas zilizochorwa na Steve Gan. Panday maana yake ni mhunzi. Flavio anafua balaraw, jambia fupi, kutoka kwenye jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, na akiliinua juu linarefuka kuwa upanga. Lizardo, adui, alichezwa na Max Alvarado kwa raha isiyofichika. Zilifuata nyingine tatu, mwaka 1981, 1982 na 1984.

Balaraw lile linaonekana kitu cha kitoto mpaka ujaribu kulitengeneza. Njia ya kawaida ya enzi ya filamu ni kuifunga kamera kwenye miguu mitatu isitikisike kabisa. Muigizaji anainua mkono na kuganda. Kamera inazimwa, msaidizi anambadilishia jambia kwa upanga, kamera inawashwa. Vipande viwili vikiungwa, chuma kimerefuka. Kinachoharibu ni bega. Mkono uliokaa juu dakika nzima unashuka kwa uchovu, hata kwa upana wa kidole, na kwenye pazia kubwa kidole hicho ni hatua nzima. Wingu nalo limesogea, kivuli kimehama. Dawa ya mafundi ni kuweka sekunde moja ya uso wa adui akishangaa katikati ya vipande viwili, na mtazamaji akirudi kwa steringi keshasahau bega lilikuwa wapi.

Na mhunzi yule alifaa. Steringi wa farasi na bastola ni ndoto ya kuagizwa, lakini kila kijiji kina mtu anayefua majembe. Kabla ya kuwa shujaa, Flavio alikuwa mtu wa kazi ambaye wateja wake ni maskini, na silaha yake imetoka kwenye moto uleule wa mapanga ya shamba.

Mwaka huohuo wa 1980 alicheza Aguila ya Eddie Romero, sinema ya zaidi ya saa tatu inayopitia maisha ya mtu mmoja na nchi yake kwa vizazi. Inaheshimiwa. Kwangu, dakika kumi za mhunzi zinaeleza zaidi.

## Shaka

Hapa ndipo nilipokwama.

Kama hesabu ya pishi ni kweli, basi kwa miaka arobaini FPJ alikuwa akiwafundisha watu kwamba hatua ya tatu haifanyi kazi. Ripoti itachanwa. Hakimu atahongwa. Kila Krismasi, kila fiesta, somo ni lilelile: subiri kwa adabu, kisha chukua mwenyewe. Estrada aliipanda ngazi hiyohiyo mpaka ikulu mwaka 1998, akaondolewa Januari 2001 na watu waliojaa barabarani kwa tuhuma za ufisadi, na Mei mosi mwaka uleule umati mwingine, wa maskini waliompenda, ukaenda mpaka milango ya ikulu kutaka arudishwe. Watu walikufa. Huwezi kuniambia umati ule haukuwa umetazama sinema.

Kwa upande mwingine kuna Muslim .357. Tangu mwanzo wa miaka ya sabini Mindanao, kisiwa cha kusini chenye Waislamu wengi, ilikuwa vitani, na kwenye pazia Mwislamu alikuwa mara nyingi ama adui ama mtu wa kuchekwa. FPJ, Mkatoliki wa Manila, akacheza Jamal Razul, polisi Mwislamu anayebeba pishi ileile: anadharauliwa, anavumilia, anafuata kanuni. Kama hesabu ile ni sumu tu, basi ilitumika hapo kumpa heshima mtu ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumpa.

Sijaweza kuvipatanisha vitu hivyo viwili, na nimeacha kujaribu.

## Mei 10

Alitangaza kugombea Novemba 2003. Hakuwahi kushika cheo chochote cha siasa. Kwenye kampeni alikuwa yuleyule wa nusu ya kwanza ya sinema, mwenye maneno machache, hotuba fupi, anayekwepa midahalo. Waandishi walimwona hana la kusema. Wafuasi wake waliona kitu kingine kabisa, kwa sababu walishaizoea sura ile kwa miaka arobaini: anayekaa kimya hivyo ndiye ambaye baadaye...

Lakini kura hazina baadaye. Kimya kinachojaza ukumbi wa sinema hakijazi kituo cha kupigia kura, kwa sababu kwenye sinema sisi tumeshaona mikono yake inaweza nini, na kwenye siasa hakuna aliyewahi kuiona.

Upinzani wenyewe uligawanyika. Hesabu rasmi ya kura za Mei 10, 2004 ilikuwa Gloria Macapagal Arroyo, rais aliyeingia ikulu Estrada alipoondolewa, 12,905,808, Poe 11,782,232. Tofauti ni kura 1,123,576. Panfilo Lacson, mpinzani mwenzake aliyekataa kumpisha, alipata 3,510,080, zaidi ya mara tatu ya pengo lile. Hata bila kumtuhumu yeyote, FPJ alishapoteza hapo.

Watu walituhumu, hata hivyo. Macho yalielekea Mindanao ya Waislamu, ambako hesabu za baadhi ya miji ya Maguindanao zilisema Poe amepata sifuri. Si kura chache, ni sifuri, kwa mtu aliyecheza Jamal Razul. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2005, zikatoka kanda za simu kati ya rais na Virgilio Garcillano, kamishna wa tume ya uchaguzi, wakizungumzia kura. Arroyo aliomba radhi kwa taifa kwa kuzungumza na ofisa wa uchaguzi, akaliita kosa la busara, akakana kuiba. Majaribio ya kumshtaki bungeni yalikwama. Susan Roces alisimama mbele ya kamera akamwambia ameiba urais si mara moja, bali mara mbili.

FPJ hakuzisikia kanda hizo.

## Benchi la hatua ya tatu

Fikiria alipokuwa Julai 2004. Amedhalilishwa: wamechimba ndoa ya wazazi wake, wameuliza kama ni raia. Watu wake wanasema wameibiwa. Miaka mitatu tu nyuma umati umeonyesha kwamba unaweza kufika ikulu, na umati uleule ni wake. Kila mtu nchini aliijua sinema hii, na kila mtu alijua dakika gani imefika.

Alipeleka malalamiko mahakamani.

Aliandikisha shauri kwenye baraza linaloamua kesi za uchaguzi wa rais, akangoja. Akarudi kwenye studio zake Quezon City. Desemba 11, kwenye sherehe ya Krismasi hapohapo studio, alilalamika kizunguzungu. Ilikuwa kiharusi. Alifariki usiku wa kuamkia Desemba 14, akiwa na miaka 65. Kwenye kanisa la Santo Domingo watu walipanga foleni siku na usiku kumuaga, na Desemba 22, siku ya mazishi, kundi kubwa lilijaa barabarani. Lilitembea mpaka makaburini, likarudi nyumbani.

Mwaka 2006 Arroyo alimtangaza Msanii wa Taifa. Familia ilikataa kupokea heshima kutoka mkono ule. Ikasubiri mpaka Julai 2012, rais mwingine, Benigno Aquino III, alipolithibitisha tangazo hilo.

Shauri lenyewe lilikuwa bado mezani alipokufa. Mjane wake aliomba kuliendeleza kwa niaba yake. Baraza lile ni majaji walewale wa Mahakama ya Juu, waliokuwa wakimtafuta mzee Lorenzo Pou mwaka mmoja kabla. Machi 29, 2005 walilifunga. Kanuni inasema anayeweza kupinga matokeo ni mgombea aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu, mke hayumo. Wa pili alikuwa amelazwa kwenye makaburi ya Kaskazini ya Manila, pembeni ya baba yake.